Anayetaka ushemasi aanze kuulizwa nyumbani

Na Edwina Komba
Safu ya Jumapili

Mwanamume mwenye mke na watoto akitamka kwamba anasikia wito wa ushemasi, watu wa parokia zetu humtazama kwa mshangao. Shemasi tunayemjua ni kijana aliyetoka seminari kuu, anayekaa parokiani miezi kadhaa akihubiri na kubatiza huku kamati ikichangisha fedha za sherehe ya upadre. Huyu mwenye familia anaingilia wapi? Wengine huuliza waziwazi: atamwacha mkewe?

Hamwachi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulikubali ushemasi urudi kuwa daraja ya kudumu, na wanaume watu wazima walio katika ndoa waweze kuipokea. Papa Paulo VI akaweka taratibu zake mwaka 1967. Leo mashemasi wa kudumu duniani ni kama 50,000, na karibu wote wako katika mabara ya Amerika na Ulaya. Afrika ni wachache mno, kwa hiyo Mkatoliki wa Njombe au wa Kitui anaweza kuzeeka bila kumwona hata mmoja. Shemasi wa namna hii hubatiza, huhubiri, husimamia ndoa, huzika, hupeleka Komunyo kwa wagonjwa. Haadhimishi Misa, haungamishi, wala hatoi Mpako wa Wagonjwa.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alikuja kuniomba maoni juu ya wito huo. Alikuja na karatasi aliyoandika sababu zake kwa mwandiko mzuri wa ubaoni: anapenda liturujia, anayajua Maandiko, sasa ana nafasi kuliko alipokuwa kazini, na moyo unamsukuma hasa nyakati za asubuhi anaposali. Nilizisoma zote. Zilikuwa sababu njema, ila hakuna hata moja iliyomtaja mtu mwingine.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya sita, hakuna aliyejitokeza kusema anaitwa. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakirukwa katika mgao wa kila siku, manung'uniko yakazuka, nao Mitume wakaiambia jumuiya ijichagulie wanaume saba wenye sifa njema. Shida ilikuwa chakula. Stefano na wenzake waliwekewa mikono kwa sababu watu walioishi nao waliona kwamba hawa wanaaminika, mgao wa wajane utakuwa salama kwao. Barua ya kwanza kwa Timotheo inaongeza kwamba shemasi asiwe mlevi, asiwe na tamaa ya fedha, awe anaisimamia vema nyumba yake, na ajaribiwe kwanza. Hayo yote hawezi kuyathibitisha mhusika mwenyewe. Wa kuyathibitisha ni majirani, wadeni wake, watoto wake, na kabla ya hao wote, mkewe.

Sheria ya Kanisa imeliona hilo vizuri. Mwanamume mwenye ndoa hapewi ushemasi wa kudumu kabla ya kutimiza miaka 35, wala hapewi bila ridhaa ya mke. Katika hati zinazodaiwa kabla ya daraja hiyo, ushahidi wa ridhaa hiyo unakaa pamoja na cheti cha ndoa. Mke akikataa, safari imeishia hapo. Nimewasikia watu wakilizungumza sharti hili kama muhuri tu wa kugongwa mwishoni, mume akishasomeshwa na kupimiwa alba. Sikubaliani nao hata kidogo. Ridhaa inayoombwa mwishoni, wakati parokia nzima imeshajiandaa kwa sherehe, mwanamke ataikataaje?

Tena anaridhia mambo mazito. Shemasi akifiwa na mke, kwa kawaida haoi tena. Katika koo zetu, matanga yakiisha tu wazee huanza kuulizana nani atampikia huyu bwana, na mara nyingi jibu wanalo tayari. Mwanamke mwenye watoto wadogo anapotia sahihi, anatia sahihi pia juu ya nyumba itakayobaki kama yeye atatangulia: nani atawalea, shangazi au bibi, na mume wake atakaaje na upweke huo. Wapo watakaopata faraja kwamba watoto wao hawataletewa mama mwingine. Wapo watakaokosa usingizi. Wote wana haki ya kuambiwa mapema, kwa lugha wanayoielewa, tena na mtu asiyewabembeleza.

Nilimwomba mwalimu arudi na mkewe. Walikuja jioni, mama akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyetaka kukawia. Nikamuuliza anaonaje. Akasema, "Mimi sina kipingamizi, dada. Namwombea. Ila anasema anataka kuhudumia wagonjwa, na mama yake mzazi yuko chumba cha nyuma, namwogesha mimi."

Mwalimu hakumkatiza, wala hakujitetea. Aliinamisha kichwa, akakaa hivyo kitambo. Hapo nikaona kwamba wito wake huenda ni wa kweli kuliko nilivyodhani niliposoma karatasi, maana mwanamume anayeweza kuambiwa neno kama hilo mbele ya mtu wa nje akalipokea, ana kitu ambacho walezi wanaweza kukijenga. Lakini kazi yake ya kwanza iko chumba cha nyuma, na hakuna barua ya askofu inayohitajika ili aianze.

Upande wa pili wako watu ambao hawajaandika karatasi yoyote. Nenda kigango chochote kilicho mbali na parokia. Jumapili padre hayupo, katekista anaongoza ibada ya Neno. Jumatatu anafundisha wakatekumeni chini ya mwembe. Usiku anagongewa mlango kwamba mzee fulani amefariki, anachukua tochi na daftari lake la kaunta, anakwenda. Anajua nyumba ipi haijawasha moto tangu jana. Ukimuuliza kama anasikia wito wa ushemasi, atadhani unamtania.

Hati ya Mtaguso juu ya umisionari, Ad Gentes ya mwaka 1965, inamzungumzia mtu huyo katika namba ya 16. Inasema wale ambao tayari wanafanya kazi ya shemasi, wanaofundisha kama makatekista, wanaoongoza jumuiya za mbali kwa niaba ya paroko na askofu, wanaotenda mapendo, inafaa waimarishwe kwa kuwekewa mikono, ili neema ya sakramenti iwasaidie katika huduma waliyo nayo. Kila ninapoisoma naona kama aliyeiandika alikuwa amekaa katika vigango vyetu. Miaka 60 imepita.

Hofu ninazozisikia nazifahamu: kwamba tutapata mapadre wadogo, kwamba watu watachanganyikiwa, kwamba gharama itakuwa kubwa. Ile ya gharama ndiyo naiheshimu zaidi. Sheria inasema shemasi mwenye ndoa anayetumikia Kanisa muda wote anastahili malipo ya kumtosha yeye na familia yake. Parokia ambayo leo inampa katekista posho isiyofika mwisho wa wiki haina haki ya kumvika stola kisha ikaendelea kumlipa vilevile.

Kwingine wamejaribu. Jimbo la San Cristóbal de las Casas, kusini mwa Meksiko, chini ya Askofu Samuel Ruiz lilipata mamia ya mashemasi wenye ndoa kutoka jamii za Wamaya, na waliowataja walikuwa watu wa vijiji vyao. Roma iliingiwa na wasiwasi kwa wingi wao, ikasimamisha daraja hizo, hadi mwaka 2014 Papa Fransisko aliporuhusu ziendelee. Sitaki tunakili kila walichofanya. Natamani tuchukue ule utaratibu wa kijiji kutaja jina.

Nasi mahali pa kutajia jina tunapo. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, waliazimia mwaka 1976 kuzijenga jumuiya ndogo ndogo, na hadi leo zinakutana nyumba kwa nyumba. Paroko anayepokea barua ya mtu kama mwalimu aanzie huko. Kisha aende nyumbani kwake, aongee na mke bila mume kuwepo, awaulize watoto wakubwa, amsalimie na yule bibi. Malezi ya shemasi wa kudumu ni miaka mitatu. Mwaka wa kwanza wote ukitumika hivyo, sioni hasara.