Mwacheni dogo apige chenga, fundisheni wenzake kukaba

Wadau, ubishi wa soka la vijana huku Kirumba hauishi: dogo akipata mpira pembeni, aende na chenga zake au arudishe nyuma? Kaa kwenye mechi ya U-15 dakika kumi tu utamsikia kocha anavyopiga kelele, "Achia! Achia mpira!" Dogo anaachia. Mpira unarudi kwa beki, beki anampa kipa, kipa anabutua. Eti hapo tumemiliki mpira.

Nianze na kiwanja, maana watu wanarukia Barcelona bila kuangalia chini. Nyamagana kuna nyasi bandia, pale unaweza kugonga pasi ishirini na ukapigiwa makofi. Lakini madogo wengi wa Mwanza wanajifunzia kwenye vumbi na vijiwe, si mnajua hili jiji lilivyo la mawe. Mpira unadunda unavyotaka wenyewe. Kwenye kiwanja cha namna hiyo ile pasi ya nyuma inayoitwa salama ndiyo yenye balaa, kwa sababu ikidunda vibaya aliyebaki ni kipa peke yake. Winga akinyang'anywa kule karibu na kibendera cha kona, adui bado ana kiwanja kizima mbele yake.

Sasa, wapenzi wa soka la tahadhari wana silaha yao moja kubwa, nayo ni AFCON ya U-17 ya mwaka 2019, iliyochezwa hapa hapa nyumbani, Dar es Salaam. Serengeti Boys walifungua na Nigeria, wakafunga mabao manne, kuna wakati walikuwa wanaongoza kabisa, wakaishia kulala 5-4. Wakapigwa 3-0 na Uganda, kisha 4-2 na Angola. Mechi tatu, mabao sita ya kufunga, kumi na mawili ya kufungwa, pointi sifuri. "Mnaona chenga zenu?"

Wanasahau Gabon 2017. Kule tulitoka 0-0 na Mali, tukaifunga Angola 2-1, mechi ya mwisho na Niger tulihitaji sare tu. Sare! Tukafungwa 1-0. Tukalingana nao pointi nne, wao wakapita kwa sababu walitufunga sisi, na nafasi ya Kombe la Dunia la U-17 kule India ikaenda nao. Wale vijana walipambana na siwalaumu. Ila siku ile ukuta mzuri haukutosha. Ulihitajika mtu mmoja wa kumtoka beki wake na kusababisha bao moja tu. Mtu huyo humpati kama toka ana miaka kumi na mbili anaambiwa achia, achia.

Na yale kumi na mawili ya 2019? Mimi naona shida haikuwa kushambulia. Timu inayomfunga Mnigeria mabao manne inajua kushambulia. Shida ilikuwa mpira ukishapotea: nani anamfuata mwenye nao, nani anaziba katikati, nani anabaki na mshambuliaji wao. Hilo ni somo linalofundishika, tena kwa wiki chache. Kumfundisha mtu mzima wa miaka ishirini na mbili ujasiri wa kumfuata beki ndiyo kazi ngumu.

Hata wenye pasi zao wameliona. Hispania kwenye Kombe la Dunia 2022 walipiga pasi zaidi ya 1,000 dhidi ya Morocco, bao hakuna, wakatolewa kwa penalti bila kufunga hata moja. Miaka miwili baadaye wakabeba Euro 2024 wakiwa na mawinga wawili, Lamine Yamal na Nico Williams, watoto wa kumfuata mtu moja kwa moja. Pasi hawakuziacha. Waliongeza watu wa kuthubutu.

Na sisi tuna mfano wetu. Mrisho Ngassa ni mtoto wa Mwanza, amepita Toto Africans, mwaka 2009 akaenda kufanya majaribio West Ham. Unadhani Waingereza walimwita kwa sababu anajua kurudisha mpira kwa beki?

Kiukweli makocha nawaelewa. Kocha wa mtaani anapimwa kwa kikombe na mbuzi wa ndondo. Akifungwa leo, kesho wazazi wanahamisha watoto. Na timu pinzani imeleta vijeba wenye ndevu kwenye U-15, sasa umruhusu mtoto wako mwembamba apige chenga mbele ya lijitu lile? Anaona bora asiguswe. Ndiyo maana hizi kelele za umri zinahusu chenga moja kwa moja. Kijeba akiingia, wa kwanza kupotea ni fundi.

Ningekuwa na timu ya U-13 pale mtaani, mstari wa katikati ndio ungekuwa sheria. Nyuma yake, cheza rahisi, hakuna mbwembwe wala kanzu. Ukishauvuka, mfuate mtu, ukinyang'anywa sikugombezi. Wa kugombezwa ni wale wawili wa karibu yako waliosimama na mikono kiunoni wakati mpira unaondoka.