MTI ULIOKUWA POSTA



Watu wa reli waliotutangulia walibeba barua katika magunia ya posta yaliyofungwa na kutiwa lakiri. Lakini iko habari ya posta isiyokuwa na gunia, wala lakiri, wala karani, nayo yafaa ijulikane katika matawi yetu yote.

Katika Marekani, jimbo la Kansas, uko mji mdogo uitwao Council Grove, maana yake Msitu wa Baraza. Hapo ulisimama mwaloni mkubwa, mti wa jamaa ya mialoni ile tuliyoisoma shuleni katika kitabu cha Mwanzo. Tangu mwaka 1825 hata 1847 mti huo ndio uliokuwa posta. Chini, penye shina lake, palikuwa na shimo. Watu wa misafara waliacha barua zao humo, na wengine waliopita nyuma yao walizitoa.

Njia yenyewe ilitoka Missouri ikaenda mpaka Santa Fe, mwendo wa maili 900 hivi, na bidhaa zilichukuliwa kwa magari yaliyokokotwa na maksai na nyumbu. Kutoka Council Grove kwenda magharibi miti ya mbao ngumu ilikwisha, mbele ni nyasi tupu. Kwa hiyo madereva walisimama hapo wakakata miti ya kutengeneza ekseli za akiba, wakaifunga chini ya magari. Mtu ye yote aliyefanya kazi ya magurudumu ataelewa mara moja. Ekseli ikikatika huko mbele, utapata wapi mti? Hapo pia magari yalingojana, watu wakamchagua kiongozi wa msafara, ndipo wakaondoka pamoja, kwa maana gari moja peke yake lilikuwa hatarini.

Sasa fikirini, ndugu. Msafara uliotoka Santa Fe ulikuwa umekwisha kuiona njia: mito iliyojaa, visima vilivyokauka, mahali pa hatari. Msafara uliokuwa ukienda ulikuwa haujaona neno. Kati ya hao wawili palikuwa na shimo lile tu. Hakuna aliyelipwa mshahara kulilinda. Lilifaa kwa sababu kila dereva alijua kwamba leo yeye ni wa mbele, na safari ijayo atakuwa wa nyuma.

Tusiusifu mti tukasahau ardhi. Jina la mahali pale latokana na baraza la tarehe 10 Agosti 1825, ambapo watu wa kabila la Osage walikubali njia ipite katika nchi yao, wakapewa fedha na vitu vya thamani ya dola 800. Baadaye watu wa kabila la Kaw waliwekwa hapo, na mwaka 1873 nao wakahamishwa kwenda kusini. Kwanza huombwa njia, halafu ardhi hufuata. Sisi wa Kenya hatuhitaji mwalimu wa somo hilo.

Mwaka 1880 reli ilifika Santa Fe, na kazi ya magari ya maksai katika njia ile ikafa. Mwaloni ulikufa mwaka 1990, ukiwa na umri wa miaka kama 270.

Twaandika haya kwa sababu ya sanduku la tawi letu. Limetundikwa mlangoni, kila mtu analiona, na likifunguliwa halina kitu. Je, hakuna habari? Habari ziko tele! Zinasemwa kwenye chai. Fulani aliona kalvati imepasuka. Fulani aliambiwa afanye zamu ya pili bila malipo. Bomba la maji landini halitoi maji. Zamu inayotoka inawaachia wanaoingia taa na bendera, wala haiwaachii neno, na anayeumia huwa ni yule ambaye hakuambiwa.

Wengine husema, "Nimepeleka kwa simu." Vema, lakini ujumbe wa simu ukifutwa tutasimama mbele ya wakubwa na nini mkononi? Wengine wanaogopa mwandiko wao utajulikana. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Kamati imekata shauri kwamba katibu atanakili kila barua kwa mkono wake, na ile ya kwanza itarudishwa kwa mwenyewe au kuchomwa moto mbele yake, apendavyo.

Andika tarehe, mahali penyewe kwenye njia, uliyoyaona kwa macho yako mwenyewe, na cheo cha mtu uliyemwarifu kazini. Asiyeweza kuandika na amwendee mwenzake amwandikie. Sanduku litafunguliwa kila Jumamosi saa kumi jioni, na wanachama wawili wasio wa kamati watakuwapo kushuhudia.