Ngozi ya pili, lakini ya nani?

Wasee, mmeona zile stika za kupima mwili? Nyembamba kama tatuu ya kubandika, ukikunja mkono zinavutika pamoja na ngozi. John Rogers na wenzake walizionyesha 2011 kule Marekani. Wakaziita elektroniki za ngozi. Sawa, lakini ngozi ya nani?

Zile zinazosoma umeme wa moyo sina shida nazo. Shida ni zile za mwanga. Melanini hunyonya mwanga, na mimi na wewe tunayo ya kutosha. Mwaka 2020, watafiti wa Michigan walionyesha kwamba kile kifaa cha kubana kidole kilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara 3 kuliko kwa wazungu. Yaani unaishiwa na hewa na mashine inasema uko fiti!

Usiniambie mashine haina ubaguzi. Niliacha chuo, sikuacha kusoma. Stika hizi zikifika hapa Nairobi, kabla ya kuuliza bei, uliza zilijaribiwa kwa ngozi gani. Muuzaji akianza kuzunguka, rudisha pesa mfukoni. Hatuwezi kuwa wa kwanza kulipa na wa mwisho kupimwa.