Michopo bila kasiksi: kwa nini tunaonea haya bia yetu wenyewe?

Siku ya posho moja, saa za jioni, tulikuwa watu wanne katika nganda moja ya Bukavu. Moshi wa makala ulikuwa umejaa uani. Mchomaji alikuwa anakatakata nguruwe juu ya ubao, vitunguu vibichi na pilipili pembeni. Mmoja wetu, aliyesoma Ulaya, akauliza kama kuna bia ya artizanali. Mhudumu akaleta chupa ndogo ya Ubelgiji, ya mwisho katika frigo, na bei yake ilitosha kununua bidoni nzima ya kasiksi kule Kabare. Nikamuuliza kama kasiksi ipo. Akacheka, akanijibu: «Yaya, kasiksi ni ya kijijini. Hapa tunapokea watu wa heshima.»

Tulicheka pia, lakini jibu lile limenibaki kichwani. Kijana huyu alizaliwa Walungu. Amekua akiona kasiksi katika kila arusi, kila kilio na kila mapatano ya familia. Nani alimfundisha kwamba kinywaji kile hakistahili kukaa karibu na sahani ya michopo mjini?

Maoni yangu ni haya: kasiksi ni bia ya artizanali kamili, na ndiyo inayoelewana zaidi na nyama nyingi tunazochoma hapa Kivu. Kuifungia nje ya meza za mji ni hasara kwa midomo yetu, na ni hasara kubwa zaidi kwa mama wanaoitengeneza.

Bia ya artizanali ni ipi?

Ni bia inayotengenezwa kwa kiasi kidogo, na mtu anayejulikana, kwa njia yake mwenyewe, bila mitambo mikubwa. Sasa tuangalie kasiksi. Ndizi za pombe hukatwa zikiwa mbichi, zinafukiwa katika shimo lililopashwa moto na kufunikwa kwa majani ya mgomba, na hukaa humo siku kadhaa mpaka ziive. Zinamenywa, zinakamuliwa kwa mikono au kwa miguu pamoja na nyasi, ili maji matamu yatoke peke yake. Huongezwa maji kidogo na unga wa mtama uliokaangwa. Chombo kinafunikwa, na kwa siku moja mpaka tatu kinywaji kinachemka chenyewe. Hakuna hamira ya dukani. Hamira imo ndani ya mtama, ndani ya chombo na katika hewa ya nyumba.

Karibu na Brussels kuna bia inayoitwa lambic. Nayo haiwekewi hamira na mtu: maji yaliyopikwa na ngano na shayiri huachwa wazi usiku kucha ili hamira za hewani ziingie zenyewe, kisha huwekwa katika mapipa ya mbao mwaka mmoja, miwili au mitatu. Inatoka na uchachu ambao wageni wengine hukunja uso wakiuonja mara ya kwanza. Hakuna anayesema ni pombe ya kijijini. Mwaka 2016 UNESCO iliandika utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa wanadamu. Kasiksi na lambic zina umri tofauti na nafaka tofauti, lakini kazi ni ya ukoo mmoja.

Kuna zaidi. Kiwanda cha Huyghe, katika mji wa Melle huko Ubelgiji, kile kinachotengeneza Delirium Tremens, kinatengeneza pia bia ya ndizi iitwayo Mongozo. Kwa hiyo mtoto wa Bukavu anaweza kuketi katika mkahawa wa Ulaya na kulipa euro ili anywe bia ya ndizi, kisha akirudi nyumbani anaona haya kunywa ile ya mama yake.

Nyama gani na bia gani?

Mjini tuna zoea moja: kila nyama na bia ile ile, baridi kama barafu. Mbuzi, Primus. Samaki, Primus. Nguruwe, Primus. Sina ugomvi na Primus, ninainywa. Lakini kinywaji kina kazi mezani, na kazi hiyo inabadilika kufuatana na kilicho katika sahani.

Mambo manne yanatosha kuelewa. Gesi na uchachu huosha mafuta mdomoni, ndiyo maana kipande cha pili kinakuwa kitamu kama cha kwanza. Nafaka iliyokaangwa inapatana na nyama iliyoungua kidogo, kwani zote mbili zimepita katika moto. Utamu hupunguza ukali wa pilipili. Na uchungu wa hopsi, ile mimea inayowekwa katika bia za viwanda, huuongeza ukali huo. Anayelalamika kwamba bia yake chungu inamchoma mdomo akila pilipili asiilaumu pilipili peke yake.

Tuanze na nguruwe. Mafuta yake ni mengi, na bila kitu chenye uchachu yanachosha upesi. Kasiksi ya siku ya pili, ambayo utamu wa ndizi bado upo lakini uchachu umekwisha kuingia, inayakata vizuri kuliko bia yoyote ninayoijua. Jaribu pia kulaza vipande vya nguruwe ndani ya kasiksi kwa saa moja, pamoja na chumvi, kitunguu saumu na tangawizi, kabla ya kuvitia motoni. Futa maji kwanza na uvichome mbali na ndimi za moto, kwa sababu sukari ya ndizi inaungua haraka na kuacha uchungu.

Michopo ya mbuzi ni jambo lingine. Nyama ni ngumu kidogo, harufu yake ni ya nguvu, na wengi tunaipenda ikiwa imeungua pembeni. Hapa bia nyeusi, kama Turbo King au Tembo, inafanya kazi nzuri kwa sababu ya shayiri yake iliyokaangwa. Kasiksi inayoweza kushindana nayo ni ile ya siku ya tatu, yenye mtama mwingi, ambayo utamu wake umekwisha. Nimeijaribu na mbuzi mara nyingi, na harufu ya mtama inakutana na harufu ya makala bila kugombana.

Kuku wa pilipili anataka kasiksi changa, ile ya siku ya kwanza, tamu na nyepesi. Mwekee makemba ya kuchoma pembeni, na ndizi itakuwa katika sahani na katika glasi. Tilapia wa kuchoma, mwenye ndimu na chumvi tu, ninamwachia Primus: nyama yake ni laini, na kasiksi inaweza kumfunika.

Tena jambo dogo: kasiksi isinywewe kama barafu. Baridi kali huua harufu. Iweke mahali penye kivuli, au dakika chache tu katika frigo.

Chupa zikikosekana

Dharau hii ina historia. Kiwanda kilichozaa Bralima kilianzishwa Léopoldville mwaka 1923, na Primus ikatoka mwaka 1926. Tangu zamani zile chupa imekuwa alama ya mtu wa mji, mwenye mshahara na viatu. Kibuyu na mrija vikabaki kwa wazee. Ukoloni ulikwisha, lakini mpangilio wa meza haukubadilika sana.

Mwaka 2025 ulitupa somo. Mwezi wa pili, wakati mji wa Bukavu ulipoingia mikononi mwa M23, kiwanda cha Bralima kiliporwa. Mwezi wa sita, Heineken, iliyokuwa mwenye Bralima wakati ule, ilitangaza kwamba imepoteza usimamizi wa majengo yake ya Bukavu na Goma, na kwamba imeondoa wafanyakazi wake waliobaki kule. Nyuma ya habari hiyo kuna baba na mama waliopoteza kazi, na hilo si jambo la kufurahia. Lakini nililiona jambo moja kwa macho yangu: wakati tulipokuwa tunahesabu makasha ya bia, bidoni za kasiksi ziliendelea kushuka kutoka vilimani, juu ya migongo ya mama, asubuhi mapema. Kinywaji kinachotoka nyuma ya nyumba hakingojei meli wala umeme.

Mama mmoja wa Kabare aliniambia kwamba karo ya watoto wake watatu inatoka katika bidoni. Aliniambia pia kwamba mjini anauza kwa kujificha, kwa bei ya chini, kwa sababu mnunuzi anajua hana mahali pengine pa kuipeleka, na kwamba njiani kila mwenye kofia anamwomba «kitu cha chai». Kama nganda tano tu za mji zingempa oda ya kila siku ya posho, kwa bei inayojulikana, hesabu yake ingekuwa nyingine.

Na migomba yenyewe iko hatarini. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Masisi mwaka 2001, kisha ukashuka mpaka Kivu ya Kusini. Unapenda hasa aina za ndizi za pombe, maana wadudu huubeba kutoka ua hadi ua. Dawa ya dukani haipo. Mkulima anapaswa kuondoa ua la chini kwa kijiti chenye pacha, kung'oa mashina yanayougua na kupitisha panga lake motoni kabla ya kwenda kwenye shina lingine. Ni kazi ya kila juma. Nani ataifanya kwa ajili ya ndizi ambazo mji unazicheka?

Wanaopinga wanasema nini?

Wa kwanza watasema: usafi. Wana haki. Katika Kivu kipindupindu hakijatuacha, na maji yasiyochemshwa yakitiwa katika kasiksi yanaweza kuleta maradhi. Lakini jibu la tatizo hilo ni kuchemsha maji, kuosha bidoni kwa maji ya moto na kuandika siku kasiksi ilipotengenezwa. Mambo hayo hayahitaji kiwanda. Mchomaji wa michopo naye tunamdai mikono safi, na hakuna aliyewahi kusema michopo ipigwe marufuku.

Wa pili wanachanganya kasiksi na kanyanga. Kanyanga ni pombe ya kutonesha kwa moto, kali sana, na ikitengenezwa vibaya inaweza kuwa sumu. Kasiksi haipiti katika moto huo, na nguvu yake haifiki ile ya kanyanga. Hata hivyo ni pombe. Dereva wa moto asiiguse kabla ya kazi, mama mjamzito vilevile, na mtoto asipewe «kidogo tu» kwa sababu ni tamu. Mimi ninasema juu ya glasi moja au mbili na chakula. Kulewa bila kula ni habari nyingine, na katika mji wetu imekwisha kuharibu nyumba nyingi.

Wa tatu watasema haidumu. Kweli, baada ya siku chache inageuka kuwa siki. Kule Arusha, katika inchi ya Tanzania, kampuni Banana Investments inatia kinywaji cha ndizi katika chupa tangu miaka ya 1990, kwa hiyo njia ipo kwa atakayepata mtaji na amani. Kwa sasa tuanze na dogo: inywewe karibu, inywewe mapema, iagizwe kwa hesabu ya wageni.

Kwa wenye nganda nina ombi moja. Chagueni mama mmoja ambaye mmeona nyumba yake na maji yake. Mwagizeni bidoni moja kwa siku ya posho, mmlipe kabla hajarudi kilimani. Andikeni ubaoni, chini ya bei ya michopo: kasiksi, mahali ilipotoka, siku ilipotengenezwa. Itumieni katika glasi safi, kama mnavyofanya kwa bia ya Ubelgiji.

Kwa wewe msomaji, ombi langu ni jepesi zaidi. Siku ya posho ijayo, kabla ya kuagiza, uliza: «Kasiksi iko?» Mhudumu akicheka, uliza tena juma linalofuata. Mwenye nganda hutafuta kile anachoulizwa kila mara.