Tusigombee Nyimbo za Wazee Wetu

Siku hizi ngoma ya kale ikichezwa upande mmoja wa mpaka wa Kenya na Tanzania, hawakosi watu wa upande wa pili wa kupiga kelele kwamba wameibiwa. Kelele hizo zinatudhalilisha, nami naomba tuziache.

Tazameni kwanza mpaka wenyewe. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kupiga mstari kutoka mlango wa mto Umba hadi Ziwa Victoria. Wadigo wa pwani hiyo hawakuulizwa. Wakalala ndugu, wakaamka wengine ni wa Kwale chini ya Mwingereza, wengine wa Tanga chini ya Mjerumani. Nyimbo za harusi za watu hao zilikuwapo kabla ya mstari. Leo tuziulize uraia?

Tena nyimbo husafiri. Ngoma ya beni ilichipuka Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, vijana wakiiga bendi za jeshi la Wazungu kwa sare, vyeo na mashindano makali. Ikaingia Tanganyika, ikazaa vyama vya Marini na Arinoti. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ikawachanganya askari na wapagazi wa makabila mengi, nao waliporudi kwao wakaipeleka hadi Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Huko Watonga wa kando ya Ziwa Nyasa wana malipenga, ngoma ya ukoo huo huo, nao huipiga kwa vibuyu vinavyolia kama tarumbeta. Nani atakwenda kumnyang'anya Mtonga kibuyu chake kwa kuwa beni ilianzia Lamu? Aliyepokea akaongeza chake naye ana haki.

Ugomvi wa namna hii umewafika wengine. Mwaka 2011 China iliutia Arirang, wimbo wa Wakorea, katika orodha ya turathi zake, kwa kuwa inao raia wenye asili ya Kikorea. Korea Kusini ikachukizwa. Mwaka 2012 ikauandikisha UNESCO kwa jina lake. Mwaka 2014 Korea Kaskazini nayo ikauandikisha kivyake. Watu wa damu moja wameandika wimbo wao mara mbili! Wachewa wametushinda kwa busara: ngoma yao ya Gule Wamkulu imeandikishwa huko UNESCO kwa pamoja na Malawi, Msumbiji na Zambia.

Sisemi kwamba kila wimbo hauna mwenyewe. Wimbo wa Malaika una mtunzi, na wanaobishana kati ya Fadhili William wa Kenya na Adam Salim wa Tanzania wanabishania haki ya mtu na jasho lake. Haki hiyo itafutwe kwa ushahidi. Kuuita wimbo kama huo wa asili ni kumdhulumu mtunzi. Kuugeuza ugomvi wa mataifa ni kumsahau kabisa.

Nawasihi basi wakuu wa utamaduni wa Kenya na Tanzania: pelekeni watu pamoja, wenye vinasa sauti, Vanga upande wa Kenya na Moa upande wa Tanzania, wawasikilize bibi na babu waliobaki. Waandike jina la mwimbaji, kijiji chake, aliyemfundisha, na shughuli ambamo wimbo huimbwa. Nakala moja iwekwe Nairobi, nyingine Dar es Salaam, na ya tatu irudishwe kijijini kwa mwimbaji mwenyewe.