Bastola ya urithi: Sheria kwanza, mafuta baadaye

Mzee mwenye bastola anapoaga dunia, jamaa hugawana shamba, mifugo na nyumba kwa utaratibu unaojulikana. Bastola, hata hivyo, si mali kama hizo.

Cheti cha kumiliki silaha ni cha mtu binafsi, wala hakirithiwi. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, iliyoanza kutumika mwaka wa 1954 wakati wa Hali ya Hatari, kupatikana na silaha au risasi bila cheti ni kosa, hata kama ilikuwa ya baba mzazi.

Kwa hivyo, mrithi anayefungua sanduku na kuanza kusugua kutu ameanzia mwisho. Hatua ya kwanza ni kuwaarifu polisi na kutafuta mwongozo wa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha.

Isitoshe, msasa una hatari yake. Nambari ya usajili huchongwa juu ya chuma. Ikifutika, kumbukumbu ya familia hugeuka silaha isiyo na asili, na mpelelezi ana kila sababu ya kushuku. Hata mkusanyaji wa vitu vya kale huithamini zaidi bastola yenye rangi yake ya awali kuliko iliyong'arishwa ikawa kama mpya.

Ndiposa matengenezo huachiwa fundi aliyesajiliwa. Yeye huhakikisha kwanza kwamba haina risasi, kisha hukagua springi, mtutu, na iwapo kila tundu la silinda linakaa sawasawa na mtutu. Silinda ikilegea, risasi hukwaruza ukingo wa mtutu na vipande vya chuma huruka pembeni.

Risasi nazo zina mtego. Webley Mark VI, iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka wa 1915, iliundiwa risasi za .455. Baadaye, nyingi zilizouzwa Marekani zilikatwa silinda ili zipokee risasi za .45 ACP, ambazo nguvu yake yaweza kuzidi uwezo wa chuma hicho. Kuingia kwa risasi katika tundu si ithibati ya usalama.

Mnamo Desemba 2018, serikali iliagiza raia wote wenye leseni za bunduki wakaguliwe upya. Agizo hilo liliwalenga walio hai. Silaha ya marehemu iliyosahaulika haina wa kuijibia, na mwizi akiipata haulizi ilikuwa ya nani.

Mwaka wa 2016, bunduki 5,250 ziliteketezwa Ngong. Kazi hiyo haitakamilika iwapo familia zitaendelea kuficha silaha za marehemu kwa kuogopa kukamatwa. Serikali haina budi kueleza waziwazi, katika kila kituo cha polisi, jinsi mjane au yatima anavyoweza kusalimisha bastola bila kuchukuliwa kuwa mhalifu.