TOKENI NJE KATIKA THELUJI

Ndugu zangu wanafunzi, na ninyi wenzangu wa zamani tulioketi madawati yale yale, nataka kusema neno juu ya desturi ya baadhi yetu tuendao kusoma katika nchi za baridi. Desturi yenyewe ni kujifungia. Theluji ya kwanza ikianguka, mtu hupiga picha mbili tatu za kupeleka nyumbani, kisha hufunga dirisha. Na tangu hapo mpaka Aprili njia yake ni moja, chumbani kwenda darasani na darasani kwenda chumbani. Nami nasema desturi hiyo ni mbaya, na imewaharibia wengi masomo yao.

Naandika haya nikiwa Ottawa, mji mkuu wa Kanada, na huu ni mwaka wangu wa sita. Hapa mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili kasorobo asubuhi, na saa kumi na dakika ishirini limekwisha kuchwa. Asiyetoka mchana huo mfupi haoni mwanga, na mwanga ndio unaouambia mwili wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Ndipo usingizi unapopotea, moyo ukawa mzito, vitabu havifunguliwi, na simu za nyumbani hazipokelewi. Nimewaona vijana hodari wakifikia hali hiyo; mmoja alirudi kwao kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza.

Watasema, "Baridi itatuua." Baridi ya hapa si mchezo, sikatai. Upepo ukivuma hata mwili ukahisi kama nyuzi 28 chini ya sufuri, ngozi iliyo wazi yaweza kuganda kwa dakika 10 mpaka 30. Lakini wenyeji waijua dawa yake: nguo ya ndani ya sufu, juu yake sweta, na juu kabisa koti lisilopitisha upepo. Shati la pamba liache, maana likilowa jasho hukunyang'anya joto. Glavu ziwe zile ambazo vidole vinne hukaa pamoja, vipate kupashana moto. Ama mafua, hayo huletwa na virusi, navyo huenea upesi zaidi katika vyumba vilivyofungwa kuliko katika uwanja wa theluji.

Katikati ya mji huu upo mfereji wa Rideau, uliomalizika kuchimbwa mwaka wa 1832. Baridi ikikaza, maji yake huganda, na watu huteleza juu yake kilomita 7.8, wamevaa viatu vyenye visu vya chuma. Wengine huenda hivyo kazini, mkoba mgongoni. Juma langu la kwanza nilianguka kama gunia la mahindi. Mtoto wa miaka minne hivi akanipita, akageuka, akacheka, nikacheka nami. Barafu ile imenipa marafiki wengi kuliko maktaba. Na asiyetaka kuteleza, na atembee tu asubuhi baada ya theluji kuanguka. Hewa iliyo kati ya chembe zake hunyonya sauti, basi mji mzima huwa kimya, usisikie ila theluji ikilia chini ya viatu vyako.

Wako wasemao ati huo ni mchezo wa Wazungu. Hao nawakumbusha Bwana Philip Boit, Mkenya, mwanariadha aliyejifunza kwenda juu ya mbao za theluji huko Finland. Mwaka wa 1998 alishindana katika Olimpiki ya Nagano, Ujapani, mbio za kilomita 10, akafika wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Naye Dæhlie alimngoja mwishoni mwa njia, akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Tena msidhani theluji itawangoja siku zote. Barafu ya mfereji haifunguliwi kwa watu mpaka ifikie unene wa kama sentimita 30, na majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 haikufunguliwa hata siku moja, jambo lisilopata kutokea tangu ianze mwaka wa 1971. Mwaka wa 2024 tulipata siku chache tu. 2025 ikafunguliwa tena, nasi tukajaa pale kama sokoni. Basi wewe utakayefika huku Septemba, nunua koti kwanza. Viatu vya kutelezea tafuta vya mitumba. Vipo vingi, na bei yake si kubwa.